Kuomba na Kuweka Walinzi

Somo la Jumapili: Nehemia 2:1-9 na Nehemia 4:7-20



Tunawasalimu ninyi mliokuwa ibadani, na ninyi mnaosoma nyumbani kwa sababu Jumapili hii zamu ya kazi iliwashika. Tumeombwa tuyaandike mahubiri haya yote, pamoja na yale ya hospitali, ili kila nyumba iyapate. Leo tunalihubiri neno ambalo kanisani kwetu huwa tunalisema kwa sauti ya chini: ugonjwa ambao mtu anaishi nao, unaoweza kugeuka usiku mmoja na kuwa suala la uhai na kifo.

Tufungue kitabu cha Nehemia.

Nehemia alikuwa mtu wa ugenini kama sisi. Alikuwa Shushani, kazini kwa mfalme Artashasta, mnyweshaji wake. Habari za nyumbani zikamfikia: ukuta wa Yerusalemu umebomolewa na malango yameteketea kwa moto. Alilia, akafunga, akaomba. Toka mwezi Kisleu aliposikia habari ile hadi mwezi Nisani aliposimama mbele ya mfalme ni kama miezi minne. Siku mfalme alipomuuliza anataka nini, Biblia inasema kwanza alimwomba Mungu wa mbinguni, hapo hapo alipokuwa amesimama, kisha akajibu.

Angalieni alivyojibu. Mfalme alipouliza safari yake itachukua muda gani, Nehemia alikuwa na muda wa kumtajia. Akaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, ili wamruhusu kupita. Akaomba na barua nyingine kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, apewe miti ya kujengea. Mtu aliyekuwa amefunga na kuomba alijua pia atapita wapi, mlango gani unaweza kufungwa, na nani ana funguo.

Na ukuta ulipoanza kuinuka, adui wakapanga kuja kupigana. Sura ya 4 mstari wa 9 inatuambia walifanya mambo mawili kwa pamoja: walimwomba Mungu wao, na wakaweka walinzi mchana na usiku. Hakuna mtu pale ukutani aliyesimama kusema, "Nehemia, ukiweka walinzi unaonyesha huna imani." Waliomba kwa sababu mlinzi peke yake hatoshi. Wakaweka mlinzi kwa sababu Mungu waliyemwomba aliwapa macho.

Hilo ndilo tunalotaka kulisema leo. Mengine yote yanatoka hapo.

Ugonjwa tunaoujua kwa majina mengi

Kanisani kwetu tuna watoto, vijana na watu wazima wenye selimundu. Waliotoka Kenya wanasema sikoseli. Waliotoka Kongo wengi husema mtoto ni "SS". Babu zetu waliita ugonjwa wa mifupa, na wengine walisema mtoto amerogwa, au ni mtoto wa kuja na kuondoka, kwa sababu hawakuwa na jina jingine la kuupa.

Tueleze kwa ufupi. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo na laini, zinapita kwenye mishipa midogo bila shida. Kwa mwenye selimundu chembe hizo hugeuka na kupinda kama mundu wa kukatia mpunga, zinakuwa ngumu, zinanasa, na damu haifiki inakotakiwa. Ndipo maumivu makali yanapokuja, mifupani, mgongoni, kifuani. Chembe hizo pia hufa mapema, ndiyo maana mtu anapungukiwa damu na macho yanakuwa ya manjano. Na bandama, ambayo wengine huita wengu, kiungo kinachochuja vijidudu katika damu, huharibika tangu mtoto akiwa mdogo sana.

Mtoto huupata ugonjwa huu kwa kurithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Tunalirudia hili kwa ajili ya akina mama waliosukumiwa lawama na ukoo: baba ametoa sehemu yake na mama ametoa sehemu yake, na hakuna aliyejua. Hapana mchawi hapo, wala hakuna mke wa kurudishwa kwao.

Nyumbani kwetu Afrika ugonjwa huu si wa watu wachache. Nigeria, Kongo na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi sana huzaliwa nao. Lakini tumehamia Marekani, na hapa sheria ya mwaka 1983 inahesabu kuwa ni ugonjwa adimu kila ugonjwa wenye wagonjwa chini ya 200,000 katika nchi nzima. Wenye selimundu hapa wanakadiriwa kuwa kama 100,000. Kwa hiyo ugonjwa ambao kule kijijini kila mkunga mzee aliujua kwa macho, hapa unaweza kuingia nao idara ya dharura usiku, ukahudumiwa na mtu aliyeusoma darasani lakini hajamhudumia mgonjwa wake hata mmoja mwaka huo.

Mtu wa kwanza ambaye ugonjwa wake uliandikwa katika jarida la madaktari wa nchi hii alikuwa mgeni pia. Aliitwa Walter Clement Noel, kijana kutoka kisiwa cha Grenada, aliyekuja Chicago mwaka 1904 kusomea udaktari wa meno. Aliugua, akalazwa, daktari kijana Ernest Irons akaitazama damu yake kwa hadubini na kuona chembe zilizopinda. Mkubwa wake, James Herrick, akaandika habari hiyo mwaka 1910, bila kumtaja mgonjwa kwa jina. Noel alimaliza masomo, akarudi kwao, akafungua kazi yake, na mwaka 1916 akafa kwa homa ya mapafu. Alikuwa hajafikisha miaka 35. Wale madaktari waliuona ugonjwa lakini hawakuwa na jina la kuuita. Sisi leo jina tunalo, na tunalificha.

Jambo ambalo kanisa lazima litubu

Tunasimulia hili kwa ruhusa ya mama mwenyewe. Alituomba tusitaje jina lake, lakini akasema lisimuliwe.

Miaka michache iliyopita tulimwombea mtoto wake hapa mbele. Alikuwa na miaka mitatu. Tulifunga siku tatu, tukamwekea mikono, na Jumapili iliyofuata mama akashuhudia kwamba mtoto amepona. Tulishangilia kweli. Hakuna mtu aliyemwambia aache dawa. Lakini hakuna mtu pia aliyemwambia aendelee nayo, na sisi tuliosomea uuguzi tulikuwa tumekaa pale pale tukipiga makofi.

Mtoto huyo alikuwa akinywa penisilini asubuhi na jioni. Watoto wenye selimundu hupewa dawa hiyo kila siku hadi wanapofika miaka mitano hivi, kwa sababu bandama yao haiwalindi. Mama akaiacha. Miezi ikapita, mtoto akapata homa. Baba alikuwa kazini zamu ya usiku. Mama akampa dawa ya kushusha homa, ikashuka, ikapanda, akampa tena. Siku ya pili mtoto hakuweza kushika shingo. Walipofika hospitali, nesi aliuliza kama mtoto ana ugonjwa wowote. Aliyekuwa akitafsiri ni dada yake, wa miaka kumi. Mama akajibu hana.

Kwa nini alijibu vile? Alituambia baadaye: "Ile chupa ilikuwa kwenye friji. Nilikuwa naiona kila nikifungua kutoa maziwa. Niliogopa kwamba nikimpa, au nikitaja ule ugonjwa mbele ya watu, nitakuwa nimeukana ushuhuda wangu mbele ya kanisa. Mngeniambia kwamba kumnywesha dawa si kumkana Mungu, ningemnywesha."

Mtoto aliishi, Mungu ashukuriwe. Alikaa hospitali wiki nyingi, vijidudu vilikuwa vimefika kwenye utando wa ubongo. Sikio moja halisikii tena. Mkimwona Jumapili anavyogeuza kichwa upande mmoja kwaya inapoimba, ndiyo sababu.

Wapendwa, hatusemi kwamba Mungu haponyi. Tumemwona akiponya. Tunasema kwamba sisi kama kanisa tulimfunga mama yule mdomo, bila kukusudia, kwa kufanya ushuhuda uwe kitu ambacho mtu hawezi kukirudia na kusema, "Bado naumwa, bado nahitaji msaada." Nehemia aliomba, na bado alipokwenda kukagua ukuta usiku aliuona ulivyo: umebomoka. Akawaambia watu wazi, mnaona hali mbaya tuliyo nayo. Kutaja ubomofu hakukuwa kutokuamini. Ndipo mahali kazi ilipoanzia.

Basi tokea leo iwe hivi: Mungu akimponya mtu, dawa itaachwa kwa neno la daktari baada ya vipimo. Wale wakoma kumi ambao Bwana aliwaponya katika Luka 17, aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa.

Barua kwa maliwali

Nehemia aliomba barua kwa sababu alijua kwamba huko njiani hakuna anayemjua. Hapa pia hakuna anayetujua. Usiku ule daktari wako wa siku zote hatakuwapo. Utakayemkuta hajawahi kukuona, na maumivu hayakupi nafasi ya kujieleza, tena kwa Kiingereza. Barua ndiyo itakayosema.

Kila nyumba yenye mtu mwenye selimundu, au ugonjwa mwingine usiojulikana sana, iwe na karatasi moja, upande mmoja, kwa Kiingereza, iliyosainiwa na daktari wake. Tuseme yanayotakiwa kuwamo.

Kwanza, jina na tarehe ya kuzaliwa kama vilivyo kwenye kadi ya bima. Tunajua wenyewe mambo yetu. Majina yetu yaligeuzwa kambini, la ukoo likawa la kwanza, na wengi tuliandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari. Ukitaja tarehe yako ya kweli usiku ule, kompyuta haikuoni, na kumbukumbu zako zote zinakuwa kama za mtu mwingine.

Pili, jina kamili la ugonjwa na aina yake, kwa maana selimundu ina aina zaidi ya moja. Tatu, dawa zote na vipimo vyake, na dawa zinazomdhuru. Nne, kiwango cha kawaida cha damu yake, kundi la damu, na kama aliwahi kuongezewa damu mwili ukaikataa. Tano, yaliyomkuta zamani: kiharusi, tatizo la kifua, upasuaji, kuondolewa bandama. Sita, jina na simu ya daktari wake wa damu. Saba, lugha anayohitaji mkalimani. Andikeni Kiswahili kama mnakielewa, na kama mama mzazi anaelewa Kibembe au Kinyarwanda vizuri zaidi, andikeni hiyo.

La nane ni mpango wa maumivu: dawa gani inamfaa, kiasi gani, kama daktari wake alivyoandika. Tunalisisitiza hili kwa ajili ya vijana wetu na watu wazima. Wengi wamefika hospitali wakilia kwa maumivu, wakatazamwa kama watu wanaotafuta dawa za kulevya. Mwaka 2020 chama cha madaktari bingwa wa damu wa Marekani kilitoa mwongozo kwamba mwenye maumivu makali ya selimundu aliyefika idara ya dharura aanze kupata dawa ndani ya saa moja, kisha aangaliwe tena kila baada ya nusu saa hadi saa moja. Kijana wetu akisema hivyo kwa mdomo tu anaweza kuonekana mkaidi. Karatasi yenye saini ya daktari inasema kwa niaba yake.

Karatasi hiyo iwe mlangoni mwa friji, nakala kwenye mfuko wa hospitali, nakala kwa nesi wa shule, na picha yake kwenye simu ya baba na ya mama. Simu nyingi za sasa zina sehemu ya taarifa za dharura inayofunguka hata simu ikiwa imefungwa kwa namba ya siri. Ijazeni. Vijana, mfanyieni kazi hiyo bibi na babu leo jioni. Na kila dawa ikibadilishwa kliniki, karatasi ibadilishwe pia. Barua ya zamani inaweza kumpeleka mtu njia isiyo yake.

Walinzi wa mchana na usiku

Mlinzi asiyejua adui anafananaje hana kazi. Katika sura ile Nehemia aliwapanga watu kwa jamaa zao, ili kila mtu alinde nyumba yake. Kwa hiyo si mama peke yake anayetakiwa kuzijua dalili hizi. Baba azijue, shangazi anayelea azijue, na kaka mkubwa azijue.

Homa inayofika nyuzi 101 kwa kipimo cha hapa, yaani kama 38.3 kwa kile cha nyumbani, ni dharura kwa mwenye selimundu. Usingoje asubuhi. Usijipe moyo kwa sababu dawa ya homa imeishusha, wala kwa sababu mtoto bado anacheza. Anahitaji kupimwa damu na kupata dawa ya kuua vijidudu mapema, saa hizo hizo. Kipimajoto ni dola chache. Mkono wa mama kwenye paji la uso tunauheshimu, lakini haujui tofauti ya 100 na 101.

Maumivu ya kifua, kikohozi na kuhema kwa shida: nenda. Uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea ghafla, maneno kutotoka, kichwa kuuma kupita kiasi, kuona kwa shida ghafla: hicho kinaweza kuwa kiharusi, na kiharusi kwa mwenye selimundu kinaweza kumpata hata mtoto. Piga simu ya dharura, usimpakie garini mwenyewe. Mtoto mdogo kupauka ghafla, kulegea, na tumbo la upande wa kushoto kuvimba: damu inaweza kuwa imejikusanya kwenye bandama. Waombeni wauguzi wa kliniki wawafundishe kuipapasa. Maumivu ambayo dawa za nyumbani hazikuyashinda: nenda. Na wavulana wetu wanaoona aibu, tunasema bila kuficha: uume ukisimama bila kutaka na kwa maumivu, ukapita saa nne, hiyo ni dharura. Mwambie baba. Baba, usicheke wala usigombe.

Mfuko uwe tayari. Wana wa Israeli usiku wa Pasaka walikula wakiwa wamejifunga viuno, viatu miguuni na fimbo mkononi, kwa sababu amri ya kuondoka ingefika usiku. Mfuko wetu uwe karibu na mlango: karatasi, kadi ya bima, dawa za siku mbili tatu, chaja ya simu, sweta kwa sababu baridi huamsha maumivu, chupa ya maji, na nguo za mtoto mwingine kama itabidi alale kwa jirani.

Sauti ya tarumbeta

Mistari ya 19 na 20 ya sura ya 4 imetugusa sana sisi wa ugenini. Nehemia aliwaambia watu kwamba kazi ni kubwa na imeenea, na wao wametengana ukutani, kila mmoja mbali na mwenzake. Basi mtakaposikia sauti ya tarumbeta, kusanyikeni hapo.

Hivyo ndivyo tulivyo. Nyumbani mtoto akizidiwa usiku, ukipiga kelele moja tu majirani kumi wako mlangoni, na mmoja ana baiskeli. Hapa ukuta ni mmoja na jirani, na hujui jina lake. Tumetengana. Kwa hiyo tunahitaji tarumbeta.

Tarumbeta ya kwanza ni namba 911. Wengi wetu tunaogopa kuipiga kwa sababu ya lugha. Wakipokea, taja anwani kwanza, pamoja na namba ya nyumba yenyewe ndani ya jengo, kisha sema neno moja, "Swahili", usikate simu. Vituo vingi vina wakalimani kwa simu. Andikeni anwani yenu kwa herufi kubwa ukutani karibu na karatasi ile, kwa sababu mtu akishtuka husahau hata jina lake.

Wengine tunaogopa bili. Ni kweli bili za nchi hii zinatisha. Lakini jueni kwamba tangu mwaka 1986 sheria inazitaka hospitali zenye idara ya dharura zinazopokea malipo ya bima ya serikali ya wazee zimpime na kumtuliza kila mgonjwa wa dharura, awe na pesa au hana, awe na karatasi za ukaazi au hana. Na hospitali zisizo za kibiashara zinatakiwa kuwa na utaratibu wa kuwapunguzia wasio na uwezo. Bili ikija, leteni kwetu tukae nayo mezani, tujaze fomu pamoja. Bili ina mazungumzo. Kaburi halina.

Na mkifika hospitali, ombeni mkalimani. Ni haki yenu, wala hamlipii. Msimtumie mtoto. Yule binti wa miaka kumi aliyemtafsiria mama yake usiku ule, hadi leo anauliza kama alikosea neno gani. Hakukosea neno lolote. Tulimpa mzigo ambao si wake.

Tarumbeta ya pili ni sisi kwa sisi. Wazee wa kanisa wamekubali tugawane kwa mitaa. Kila familia yenye mgonjwa itakuwa na watu watatu wa kupigiwa simu: mmoja mwenye gari, mmoja wa kubaki na watoto wengine, na mmoja anayeweza kusimama hospitali na kusema. Tutapanga kwa kuangalia zamu za kazi, ili usiku wowote asikosekane aliye macho. Wale watu wanne wa Marko 2 waliombeba mwenye kupooza walikuwa wanne kwa sababu godoro lina pembe nne. Mtu mmoja mwenye imani kubwa angemburuta tu.

Tunasema haya kwa mifano ya selimundu kwa sababu ndiyo iliyo nyingi kwetu. Lakini wako wenye magonjwa mengine adimu. Yupo ambaye damu yake haigandi akijeruhiwa, na yupo ambaye mwili wake hautengenezi homoni ya kuhimili mshtuko, naye akitapika na kushindwa kumeza vidonge vyake anahitaji sindano haraka. Kwao pia ni vile vile: barua, walinzi, tarumbeta.

Neno kwa wenye kuogopa

Tumesikia mtu akisema: "Ukiandaa mfuko wa hospitali, unaiita hospitali." Mpendwa, kila mwaka unanunua matairi ya baridi na koleo la kuondolea theluji. Hatujasikia mtu akisema koleo lako ndilo lililoleta theluji.

Tumesikia na kilio kingine, cha kina zaidi. Ni cha wazazi wanaosema, "Tukiandika karatasi ile tutakuwa tumekubali." Hapo hatuna maneno mepesi. Kuandika ugonjwa wa mtoto wako kwa mkono wako kunauma. Nehemia naye alikaa chini akalia siku kadhaa kabla ya kuomba barua yoyote. Lieni. Tutakuja kulia nanyi. Kisha tutaleta kalamu.

Jumapili ijayo baada ya ibada tutaweka meza ukumbini. Njooni na chupa zote za dawa, kadi ya bima na namba ya kliniki. Tutajaza karatasi pamoja, nanyi mtaipeleka kwa daktari aisome na kuisaini. Asiyependa kuonekana mezani atupigie, tutakuja nyumbani. Kama mtoto wenu alizaliwa kambini au kijijini na hamna hakika kama aliwahi kupimwa, njooni tuwaambie pa kupima. Wanaozaliwa hapa hupimwa siku zao za kwanza. Waliozaliwa kule wengi hawakupata nafasi hiyo.

Yule mama atakuwa mezani nasi. Ameomba yeye ndiye awe wa kwanza kuwapokea.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyemsikia mnyweshaji mbele ya mfalme, tusikie na sisi katika nchi hii. Utusamehe tulipowafunga midomo wenye kuumwa kati yetu. Uponye, tunakusihi, kwa kuwa kwako hakuna neno gumu. Na hadi utakapoponya, utupe macho yasiyolala, mikono inayojua la kufanya, na miguu ya kukimbilia mlango wa jirani. Walinde watoto wetu usiku. Wakumbuke madaktari na wauguzi walio zamu. Na tarumbeta itakapolia, usituache hata mmoja tukiwa mbali. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu.

Amina.